Sarafu 10 za Kirumi zisizosafishwa: uzoefu wangu

Kifurushi nilichoagiza mtandaoni kina sarafu 10 za shaba zilizoganda udongo, na moja ya nyongeza iliyotangazwa kuwa ya fedha. Nimekipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya hiyo nyongeza.

Kaisari aliyechorwa juu yake amevaa taji la miale, kwa hiyo ni antoniniani, aina ya sarafu ya Kirumi. Kaisari Caracalla aliianzisha mwaka 215 BK kwa thamani ya denari 2 (denari ni sarafu ya fedha ya Kirumi), ilhali fedha iliyokuwamo ilikuwa kama ya denari moja na nusu. Hii yangu ni ya Gallienus, na kufikia mwisho wa utawala wake mwaka 268 fedha ilishapungua hadi chini ya asilimia 5. Kinachong'aa ni utando mwembamba juu ya shaba, umebaki kwenye mikunjo ya sikio na ndevu tu. Muuzaji angesema "shaba iliyopakwa fedha" nisingekuwa na neno. Ila kwa anayetaka kuelewa dola ile ilivyoendeshwa, sarafu hii ni somo tosha. Fedha ilipopungua, denari nayo ilipoteza thamani. Askari wa Augustus, kaisari wa kwanza, alilipwa denari 225 kwa mwaka. Katika amri ya bei ya kaisari Diocletianus ya mwaka 301, kibarua wa shamba amepangiwa denari 25 kwa siku, pamoja na chakula. Siku 9 za jembe zikawa sawa na mshahara wa mwaka mzima wa askari wa zamani!

Zile 10 karibu zote ni za karne ya nne, za kaisari Constantinus na wanawe. Kwa vifurushi vya bei hii usitegemee sarafu ya Nero, kaisari wa karne ya kwanza.

Kuzisafisha kunataka subira. Loweka kwenye maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri ya gari. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri ni kitu kingine na itaila sarafu. Maji ya bomba yana kloridi, adui mkubwa wa shaba ya kale. Badilisha maji kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila wiki. Kila unapobadilisha, sugua kwa mswaki laini na uchokoe herufi kwa kijiti cha meno. Zangu 6 zilisomeka baada ya wiki tano, 3 zilichukua miezi. Ndimu na siki usiguse: zinaondoa uchafu pamoja na ule utando wa kijani au kahawia ulioshikilia sura, na unabaki na kipande cha shaba chekundu kisicho na uso.

Ukishaona picha, ili kujua sarafu ni ya lini, anzia upande wa nyuma. Askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi, ni za kuanzia mwaka 330. Hesabu bendera zilizo katikati yao. Zikiwa mbili, ni toleo la mwanzo; ikiwa moja, ni la kuanzia mwaka 335 hivi, na mizani ya sonara itakuonyesha kwamba uzito nao umeshuka. Chini ya miguu yao kuna alama ya mji ilikopigwa: SIS ni Siscia, ambayo leo ni Sisak huko Kroatia, TR ni Trier ya Ujerumani, ALE ni Alexandria ya Misri. Mbili kati ya zangu ni za Siscia.

Ya 10 ilikuja na ugonjwa wa shaba. Utautambua kwa unga wa kijani kilichopauka, laini, unaopukutika ukiuchokoa kwa sindano. Utando mzuri ni mgumu na haupukutiki. Chanzo ni kloridi iliyomo ndani ya shaba ikikutana na unyevu, kwa hiyo kuukwangua tu hakutoshi. Itenge, toa unga wote, loweka upya, ikaushe kabisa kwa joto la balbu, kisha iangalie kwa wiki kadhaa. Kwa tunaoishi mwambao, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, weka zote kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Epuka vifuko vya plastiki laini ya PVC, vinaacha ute wa kijani unaonata.

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji sarafu zilitoka nchi gani na kama ana hati za kuzitoa huko. Wangu alinitumia hati siku hiyohiyo.