Skrini pana ya inchi 29 kwa kazi za maandishi: uzoefu wangu

Kazi yangu ni uhariri, na siku nzima macho yangu huwa kwenye herufi. Nilihitaji skrini inayoweza kubeba mswada, maoni ya mwandishi na kamusi kwa pamoja bila kufungua na kufunga madirisha kila dakika, tena kwa bei ambayo haitamaliza akiba. Nikachagua skrini ya inchi 29 ya umbo la 21:9 (upana 21 kwa kimo 9), yenye pikseli 2560 kwa 1080 na kioo cha IPS. Nimeitumia vya kutosha kujua inapofaa na inapopwaya, na naandika hasa kwa ajili ya aliye bado anapima.

Ukubwa ndio ulionichukua muda mrefu kuliko yote. Skrini pana za bei ya chini nyingi zina pikseli hizo hizo 2560 kwa 1080, ila huuzwa kwa inchi 29 na kwa inchi 34. Ukiziona zimepangwa pamoja, ya 34 inavutia zaidi. Lakini pikseli hazikuongezeka. Zimetandazwa tu mahali papana zaidi. Ya inchi 29 ina pikseli 96 hivi kwa kila inchi, ya 34 inashuka hadi 82 hivi, sawa na skrini ya kawaida ya inchi 27 yenye 1920 kwa 1080. Anayetazama filamu akiwa ameegemea kiti hatalalamika. Anayesoma maandishi madogo kwa umbali wa mkono ataanza kuona vidato kwenye kingo za herufi, na jioni macho yatamwambia. Kama lazima iwe inchi 34 na kazi ni ya maandishi, tafuta yenye 3440 kwa 1440: hiyo hufikia pikseli 110 hivi kwa inchi na herufi zake zinapendeza sana, lakini bei yake imepanda daraja, na hudai kebo na kadi ya grafiki yenye nguvu zaidi.

Kingine cha kupima kabla ya kulipa ni kimo. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo skrini ikiwa pana sana, namba huwa kubwa huku kimo kikibaki kidogo. Ya inchi 29 ina kimo cha sentimita 28 na nusu hivi, sawasawa na skrini ya kawaida ya inchi 23. Mimi nilitoka kwenye inchi 22, nikapata nafasi pande zote. Anayetoka kwenye inchi 27 ya kawaida ataona kama amekatwa juu na chini. Chukua utepe, pima skrini uliyonayo sasa, kisha ulinganishe. Ni kazi ya dakika mbili na itakuepusha na majuto.

Kuhusu aina ya kioo, niliyumba kati ya IPS na VA, aina mbili za paneli za LCD. VA ina weusi mzito zaidi: utofauti wake wa mwanga na giza huwa karibu 3000 kwa 1, wakati IPS za kawaida ziko karibu 1000 kwa 1. Kwa filamu usiku ningechukua VA. Kilichoniamulia ni upana wenyewe. Ukikaa katikati ya skrini pana, ncha za kushoto na kulia unazitazama kwa pembe, na VA hupoteza rangi kidogo ukiitazama hivyo. IPS karibu haibadiliki. Gharama yake ni mng'ao hafifu kwenye pembe chumba kikiwa giza, na kwangu upo, kona ya chini. Mchana, kwenye ukurasa mweupe, siuoni kabisa.

Yaliyoandikwa kwenye boksi niliyapuuza mengi. Skrini ya bei nafuu ikisema inapokea HDR, yaani picha yenye mwanga mkali zaidi na giza zito zaidi, maana yake mara nyingi ni kwamba inaielewa ishara hiyo tu. Yenye mwangaza wa niti 250 au 300 haina uwezo wa kuionyesha ipasavyo, na nikiiwasha rangi zinafifia. Nimeizima. Ile kontrasti (utofauti wa mwanga na giza) ya mamilioni kwa 1 inapatikana kwa kufifisha taa ya nyuma wakati picha ni nyeusi, kwa hiyo haikwambii lolote kuhusu kioo chenyewe.

Sasa kuiunga, na hapa ndipo naona watu wengi wanaonewa na vifaa vyao bila kujua. Skrini hii inataka kebo na poti zinazoweza kubeba pikseli zake zote. HDMI 1.4 inabeba 2560 kwa 1080 kwa Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, bila shida. Baadhi ya kompyuta za zamani zina poti ya HDMI yenye kikomo cha chini zaidi, na zenyewe zitakupa 1920 kwa 1080 tu, picha ikavutwa kujaza upana: duara likawa yai, nyuso zikatanuka. Mtu akiona hivyo anadhani skrini ni mbovu, kumbe haina kosa. Angalia kama kompyuta ina DisplayPort, poti nyingine ya kuunga skrini, uitumie hiyo. Kama haina, tafuta kwenye maelezo ya chipu yake ya grafiki kiwango cha juu inachoweza kutoa kupitia HDMI kabla hujanunua. Mimi natumia DisplayPort, na nimepata Hz 75 badala ya 60. Kwa mhariri tofauti hiyo si kubwa, ila unaposogeza kurasa ndefu maandishi hutulia vizuri zaidi. Windows haikuichagua yenyewe. Niliiweka kwenye mipangilio ya juu ya onyesho.

Niliposhika menyu ya skrini ndipo ilipoanza kufanana na kifaa cha bei kubwa. Mwangaza wa kiwandani ni mkali mno kwa chumba cha kawaida. Nilishika karatasi nyeupe kando ya skrini, nikapunguza mwangaza hadi ukurasa mtupu ukalingana na karatasi. Kwangu ilikuwa karibu thuluthi moja ya kipimo chote. Joto la rangi nimeliweka karibu na 6500K, weupe unaokaribiana na mwanga wa mchana, maana lilikuja likiwa na ubuluu. Ipo pia hali ya sRGB (kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta) yenye rangi sahihi zaidi, lakini kwenye skrini yangu hufunga kitufe cha mwangaza, kwa hiyo naiacha. Kipimo cha ukali wa picha kirudishe pale kisipoongeza wala kupunguza kitu. Kikizidi, kila herufi inazungushiwa mstari mweupe. Kipimo kinachoharakisha pikseli kubadili rangi (overdrive) nimekiweka katikati, kwa sababu kwenye kiwango cha juu kabisa kila kinachosogea huacha kivuli cha rangi ya kinyume.

Kama unatumia HDMI na weusi unaonekana kijivu, usikate tamaa. Wakati mwingine kadi ya grafiki hudhani imeunganishwa na televisheni, ikatuma viwango vya rangi kutoka 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Ingia kwenye programu ya kadi uchague RGB kamili. Kwa upande wa herufi, kwenye Windows pitia hadi mwisho kirekebishi cha ClearType, njia ya kulainisha kingo za herufi kwa kutumia vijisehemu vya rangi vya kila pikseli, baada ya kuweka rezolusheni ya asili ya skrini. Kwenye kioo cha pikseli 96 kwa inchi kinasaidia kwelikweli. Wa Mac wajue kwamba tangu macOS Mojave ya 2018 mfumo wao uliacha njia hiyo ya kulainisha herufi, na kwenye skrini za aina hii maandishi yao huonekana mepesi kuliko walivyozoea kwenye kioo cha laptopu.

Stendi ndiyo sehemu dhaifu. Inainama mbele na nyuma, basi. Haipandi wala haishuki, na ni fupi. Ukingo wa juu wa skrini unatakiwa uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na kwangu ulikuwa chini mno, shingo ikawa inauma. Kwa bahati nzuri nilikuwa nimehakikisha kwamba nyuma ina matundu manne ya VESA (kiwango cha kufungia skrini ukutani au kwenye mkono), milimita 100 kwa 100, kwa hiyo nimeifunga kwenye mkono wa chuma unaobanwa mezani. Kama unapanga hivyo, thibitisha matundu hayo kwanza, kwani baadhi ya skrini nafuu hazina.

Mpangilio wa madirisha nao una uzito wake. Wengi huigawa skrini nusu kwa nusu, na mpaka unaangukia mbele ya pua. Unakaa siku nzima umegeuza shingo upande mmoja. Mimi nimetumia FancyZones, zana ya kugawa skrini iliyo ndani ya programu ya PowerToys ya Microsoft, nikaweka mswada katikati kwa upana wa pikseli 1280, na pande mbili za 640: kushoto maoni ya mwandishi, kulia kamusi. Windows 11 ina mipangilio inayokaribiana na hiyo ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Z. Jedwali lenye safu nyingi nalifungua kwa upana wote, na hapo skrini hii ni raha tupu.

Video za kawaida za 16:9 hubaki na kingo nyeusi za pikseli 320 kila upande. Filamu nyingi za sinema hujaza karibu kioo chote.

Siku ya kwanza ipitishe kwenye rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, moja moja kwa skrini nzima, ukitafuta pikseli zilizokufa muda wa kurudisha ukiwa bado upo. Yangu haikuwa nazo.

Ningeinunua tena kwa kazi hii ya kulinganisha maandishi. Kwa anayeandika msimbo mrefu au kusoma kurasa nzima za PDF kutoka juu hadi chini, kimo cha pikseli 1080 kitambana. Huyo ningempeleka kwenye inchi 27 yenye 2560 kwa 1440, ambayo ina upana ule ule wa pikseli na mistari 360 zaidi ya kusomea.