Tahadhari kwa wenye Toyota IST hapa Tanga: ukiambiwa "tapeti za oili zimekufa"

Wakuu, mimi nimeshapigwa laki na nusu. Duka silitaji, ila mchezo wenyewe nauanika. Tapeti ni vile vipande ndani ya injini vinavyosukuma vali; za oili ni zile zinazojazwa oili ndani.

Mwezi uliopita nilimwaga oili, filta nikainunua duka moja la spea Ngamiani. Boksi linang'aa, maandishi ya Kijapani, nikaona hii ndiyo yenyewe. Wiki haikuisha. Asubuhi nawasha gari, ta-ta-ta-ta kama cherehani, sekunde nne tano, kisha kimya. Mchana nikizima na kuwasha, mlio haupo.

Nikarudi pale pale, maana nje ya duka kuna fundi wao wa kijiweni. Akainua boneti, akatega sikio. Kijiti cha oili hata hakukigusa. "Bosi, tapeti za oili zimekufa. Zipo 16, moja elfu 25. Bahati yako dukani zipo." Laki nne! Nikatoa advansi, nikaambiwa nilete gari Jumatatu.

Jumapili nikapita kwa mzee mmoja fundi, Chumbageni. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaweka spana chini. "Mwanangu, injini hii ya 1NZ vali ni 16 kweli, lakini tapeti zake ni vikombe vya chuma tupu. Hazijazwi oili. Sasa atakubadilishia nini?"

Akatoa filta, akaikata kwa msumeno wa chuma. Ndani mna raba ya mviringo ambayo kazi yake ni kuzuia oili isirudi sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, gari likilala. Yangu ilikuwa ngumu kama kipande cha ndoo, haizibi. Kwa hiyo usiku kucha filta inajimwaga, na asubuhi injini inazunguka kavukavu hadi pampu ipandishe oili tena. Hapo kinachopiga kelele hasa ni cheni ya ndani ya injini, kwa sababu kikaza cheni chake kinasukumwa na presha ya oili. Na wale jamaa walikuwa wameniuzia 20W-50, eti joto la Tanga linataka oili nzito. Nzito ndiyo inayochelewa kupanda! Tukaweka 5W-30, ambayo ni nyepesi, na filta nyingine. Asubuhi yake, kimya.

Kabla hujalipia filta, igeuze. Chungulia vitundu vidogo vinavyozunguka tundu la katikati, utaiona raba. Isukume kwa njiti ya kiberiti: nzima inabonyea na kurudi. Ikigoma, au ukikuta hakuna raba, rudisha hapo hapo kaunta.

Ila msinielewe vibaya, si kila mlio ni filta. Kwanza pima oili, gari likiwa limelala usiku na limesimama sehemu tambarare. Mlio usiokatika hata injini ikipata moto, ukaongezeka ukikanyaga mafuta, huo ni mwingine, tafuta fundi. Na taa nyekundu ya oili ikibaki inawaka, zima papo hapo, usijiambie utafika Kange.

Advansi yangu nimeifuata mara tatu. Mara bosi kasafiri, mara "spea ikishaagizwa hela hairudi." Juzi nimemkuta kijana pale nje, IST nyeupe, boneti juu. Nikamvuta pembeni nikamuuliza kaambiwa nini.

"Tapeti, kaka. Zote 16."