Jezi ya kipa Vítor Baía namba 99: jezi safi, kadi ya historia wangeiacha tu

Haya wapenzi wa makipa, mzigo ulifika, nimeivaa, nimedakia, nimeifua, sasa naweza kusema. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyokata jezi yenyewe haina kosa, ni kile kikadi walichotumbukiza ndani ya mfuko, nitafika huko.

Ni jezi ya kumbukumbu ya Baía, kipa wa zamani wa klabu ya Porto na timu ya taifa ya Ureno, mikono mirefu, kijani iliyokoza, mgongoni 99 na jina juu yake, na ile alama ndogo juu ya herufi i wameiweka, wengi huwa wanaipotezea. Haina nembo ya klabu wala mdhamini, kwahiyo kama unatafuta nakala ya jezi ya msimu fulani wa Porto hii sio yenyewe, usije ukalia baadae. Kitambaa kizito kidogo, cha kizamani, sio hivi vya sasa ukitoka jasho kinakuganda mgongoni. Viwikoni wameshonea sponji ya ukweli kwa ndani, na hapo nawapa heko maana jezi nyingi za staili hii wanachora mistari tu ili ionekane kama kuna kitu. Mi nadaka na wazee wenzangu wikiendi, nimeangukia viwiko uwanja mkavu na inasaidia. Namba haijabanduka. Geuza ndani nje ukifua, usiianike jua kali, pasi isiguse kabisa pale mgongoni. Kola inabana kidogo mwanzoni halafu inazoea.

Jiandae na swali moja tu ukiivaa: "hiyo ya Diogo Costa?" Vijana wanajua 99 ni ya yule dogo aliyedaka penati tatu mfululizo za Slovenia Euro 2024, na ni kweli anaivaa namba hiyohiyo Porto, hawajakosea. Ila kabla yake kulikuwa na mwenyewe, na 99 sio namba ya Baía kijana, ni ya Baía aliyerudi Porto kutoka Barcelona. Baía wa kwanza, yule aliyekuwa langoni Porto tangu 1988 akiwa hajafika hata miaka 20 na kuchukua ubingwa wa Ureno mara tano kabla ya kuondoka, alikuwa namba moja wa kawaida. Ndio maana naona jezi hii wamechagua vizuri, wangeweza kuweka 1 na hakuna ambaye angelalamika.

Sasa kadi. Kadi nzuri, karatasi ngumu, picha ya kuchora, halafu unaanza kusoma unakutana na sentensi inayosema alikuwa "shujaa wa Ureno kwenye Euro 2004". Daah. Yani katika mambo yote ya kukosea kuhusu huyu mtu wakaenda kukosea lile ambalo Mreno yeyote wa umri wangu akilisikia anavuta kiti mnaanza kubishana mpaka usiku. Baía hakuwepo Euro 2004! Scolari, kocha wa Ureno, alichukua makipa Ricardo, Quim na Moreira. Mashindano yapo nyumbani kwao, ufunguzi unachezwa Dragão, uwanja wa klabu yake, na yeye hayumo hata kama kipa wa tatu.

Na angalia alikuwa ametoka kufanya nini. Mei 26 mwaka huohuo, Gelsenkirchen, Porto 3 Monaco 0, fainali ya ligi ya mabingwa. Kabla ya hapo nusu fainali na Deportivo, 0-0 nyumbani halafu 1-0 kwao. Mechi tatu za mwisho za ligi ya mabingwa hajaruhusu goli hata moja, na UEFA wakaja kumpa tuzo ya kipa bora wa klabu wa msimu ule. Kipa bora Ulaya anaangalia Euro kwenye tivii. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amebeba kombe la UEFA pale Sevilla, 3-2 na Celtic kwenye dakika za nyongeza, ile ambayo Larsson aliwafunga mawili ya kichwa (hii kadi haijaigusa kabisa, sijui kwanini).

Lakini nisimwonee Scolari. Ricardo robo fainali na Uingereza alivua glavu akadaka penati ya Vassell mikono mitupu halafu akaenda kupiga penati ya ushindi mwenyewe, sasa ukishafanya hivyo hoja ya "angekuwepo Baía" inakuwa ngumu kuisimamisha. Tatizo fainali wakafungwa na Ugiriki 1-0 kwa kona, hapo watu wa Porto wakaianzisha tena kesi na mpaka leo haijafungwa. Mimi msimamo wangu ni kwamba kumwacha nje ya kikosi cha kwanza unaweza kukitetea, kumwacha nje ya watu 23 hapana, hapo kulikuwa na kitu kingine zaidi ya mpira.

Kadi inasema pia Barcelona "alishindwa". Hii nayo nusu nusu. Alienda 1996 na Bobby Robson, aliyekuwa kocha wake Porto, na msimu wa kwanza ndiye aliyedaka, wakabeba kombe la mfalme na kombe la washindi Ulaya, fainali Rotterdam 1-0 na PSG kwa penati ya Ronaldo wa Brazil. Huko ni kushindwa gani? Kilichomharibia ni msimu wa pili, majeraha, kocha mpya Van Gaal kaja na kipa wake Ruud Hesp, Baía akawa mtu wa benchi na Januari 1999 akarudi Porto kwa mkopo. Wangeandika "mwaka mmoja mzuri na mwingine mbovu" wangekuwa sawa, na ingekuwa fupi zaidi.

Timu ya taifa nayo wameiandika kwa mstari mmoja, mechi 80, basi. Mechi 80 bila kumtaja Poborský? Euro 1996, robo fainali na Wacheki, yule bwana na nywele zake anakimbia halafu anauchota mpira kwa chini, unapaa juu ya Baía kama mtu anamwaga maji kwa kata, goli pekee la mechi. Kila ukiona goli lile, kipa anayerudi nyuma akiangalia juu ni yeye. Miaka minne baadae Euro 2000 akadaka penati ya Waturuki robo fainali, nusu fainali wakatolewa na Ufaransa kwa penati ya Zidane ya goli la dhahabu (ukifunga dakika za nyongeza mechi inaishia hapo) baada ya beki wao Abel Xavier kuushika mpira. Kombe la dunia 2002 alidaka mechi zote tatu na Ureno wakarudi nyumbani mapema, wamefungwa na Marekani na Korea Kusini. Mwaka huohuo timu ya taifa ikaisha kwake, na huo mwaka huohuo aligombana na kocha wake Mourinho Porto akasimamishwa kwa muda, wakapatana, akarudi langoni na kilichofuata ni yale makombe mawili ya Ulaya. Mtu ambaye 2002 alionekana amekwisha! Hiyo ndio stori ya 99, ingekuwa ni mimi ningeiweka peke yake kwenye kadi na mengine yote ningeyaacha.

Desemba 2004 Yokohama pia ipo moja ya ajabu, kombe la mabara, bingwa wa Ulaya na bingwa wa Amerika Kusini, Porto na Once Caldas ya Kolombia, alitolewa mwishoni moyo ukimwenda mbio, Nuno Espírito Santo (ndio, huyuhuyu kocha) akaingia na Porto wakashinda kwa penati 8-7. Watu wa Benfica, mahasimu wa Porto, wao wana yao, shuti la Petit wao pale Luz, uwanja wao, Oktoba ya mwaka huohuo, lililomtoka mikononi na wao wanaapa lilivuka mstari. Nikivaa hii jezi mbele ya jamaa yangu mmoja wa Benfica hanisalimii kabla hajaniuliza kuhusu ule mpira. Alistaafu 2007 na ubingwa wa Ureno wa kumi.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu Euro 2004, akajibu haraka na kwa adabu kwamba kadi zimeshachapwa nyingi na watarekebisha toleo lijalo. Sawa. Kwenye usafirishaji sina neno, mfuko ulikuja haujafunguliwa na namba ya kufuatilia mzigo ilifanya kazi mwanzo mwisho. Bei imekaribia ya jezi mpya ya msimu, kwa jezi isiyo na nembo naona wangeshusha kidogo. Saizi zinakuja ndogo hasa mabegani, kama utaivaa kudakia na sio kukaa nayo tu chukua inayofuata juu, na mikono usiikate hata ikikuzidi, kifundoni kuna lastiki inashika vizuri juu ya glavu.