Usenet au WhatsApp: adabu ya kuuliza kundini

Usenet, mtandao wa makundi ya mijadala ya maandishi uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, haina mwenyewe. Ujumbe hupitishwa seva hadi seva; ukishasambaa, kuufuta ni shida. Ndiyo maana wakongwe wake husisitiza: soma kwanza maswali yaliyokwisha kujibiwa, nukuu mistari unayoijibu tu, usiandike kwa herufi kubwa tupu, maana huko ni kupiga kelele.

WhatsApp ina msimamizi wa kufuta na kumtoa mtu, na wepesi huo hutulegeza. Mtu auliza foleni ya feri Likoni, swali lazama chini ya "Amina" za dua ya jana. Inaudhi, kwa kweli.

Kwa mjadala mrefu nachagua Usenet. Kwa jambo la sasa hivi, WhatsApp, salamu na swali katika ujumbe mmoja: "Asalaam aleikum jamaa, foleni upande wa Likoni imefika wapi?"