Programu ya kuediti video "bure kabisa", logo ikakaa usoni kwa mama mkubwa

Jamani kama kuna mtu ndio anaanza kuediti video na anatafuta programu ya bure, asome hapa kwanza kabla hajamaliza bando lake, maana mimi hasira bado ninazo na bora ziishie hapa kuliko ziishie kwa watoto wa watu.

Jina la hiyo programu silitaji, sitaki kesi na sitaki kuwatangazia biashara. Jueni tu ni ya kompyuta, sio ile ya simu ambayo kila mtu anayo. Tangazo lao lina dada anacheka, hedifoni shingoni, na BURE imeandikwa kubwa mpaka unaona aibu kuuliza bei.

Kazi yenyewe ilikuwa sendofu ya mdogo wangu. Mpiga video kamati ilimkata kwenye bajeti dakika za mwisho, hela ikaenda kwenye vinywaji (hilo nalo tuliache, wanakamati wengine wanasoma hapa), basi binamu yangu akarekodi kwa simu yake, shangazi naye akarekodi kwa yake, na mimi kwa kuwa nina laptopu na huwa natengeneza vitangazo vya vitenge vyangu nikateuliwa kuwa mhariri. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Mimi nilikuwa najua Movie Maker ya zamani, ile iliyokuwa inakuja na Windows, ambayo Microsoft waliitupa mwaka 2017 na mpaka leo sijawasamehe.

Nisiwe mwongo, mwanzoni ile programu niliipenda. Unavuta klipu unaweka, unakata, unabandika, kila kitu kiko pale pale. Kuna mioyo inapaa, kuna vumbi la dhahabu linamwagika bibi harusi akiingia ukumbini, kuna mpito wa ukurasa unaojikunja. Nikamwagia vumbi la dhahabu kila mtu mpaka MC. Mtu ukikaa na kitu kinachokutii hivyo unajiona fundi, nikawa nawatumia watu wa familia vipande nimevipiga picha kwenye skrini, na wao kule kwenye grupu wanashangilia, lini itatoka, lini itatoka.

Sasa pembeni ya baadhi ya efekti, yaani hayo madoido ya mioyo na vumbi, kuna kitaji kidogo cha dhahabu. Ukibonyeza hakuna kinachokwambia kitu. Efekti inaingia, inacheza, unaiona, hakuna mlango wala bei wala onyo. Unaweza kukaa nayo wiki nzima inakuchekea tu. Ungesema ni pambo.

Siku ya kurenda, yaani kuitoa video yenyewe sasa iwe faili ya kuwatumia watu, ndio wakajitokeza wenye nyumba. Dirisha jekundu: kazi yako ina vitu vya kulipia, ama ulipie kwa mwezi, ama kwa mwaka, ama uitoe na logo yetu. Nikasema logo si tatizo, itakaa kwenye kona huko chini nani ataiangalia, nikabonyeza, laptopu ikanguruma na feni yake mpaka usiku, umeme nao ukawa unanitishia. Ikamaliza. Nikafungua.

Logo haikukaa kwenye kona. Imelala katikati ya skrini, kubwa, nyeupe, inaonekana kila mahali kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Pale mama mkubwa amesimama anampa mdogo wangu nasaha, binamu alikuwa amemvuta karibu sura yake tu, basi logo imeanzia kwenye kilemba ikakata jicho moja ikaishia shavuni. Anaongea maneno mazito ya ndoa, machozi yanamlenga, na juu ya pua yake pameandikwa jina la kampuni. Ndafu ikiletwa, logo iko juu ya ndafu. Tukiomba dua, logo iko kwenye dua.

Basi nikasema sawa, natoa vitaji vyote. Na hapa ndipo nilipoona hawa watu wana roho mbaya, maana hawakuonyeshi vilipo. Wanakuwekea orodha ya majina ya efekti, majina yenyewe ya ajabu ajabu, halafu wewe ukawinde moja moja kwenye video ya saa nzima na zaidi. Nikawinda. Mioyo nikatoa, vumbi la dhahabu nikatoa, ukurasa unaojikunja nikatoa. Bado inasema kimebaki kimoja. Nikazunguka, nikazunguka, kumbe ni fonti! Herufi! Ile fonti ya mikunjo niliyoandikia jina la mdogo wangu mwanzoni, herufi za jina lake mwenyewe alilopewa na baba yake, zina taji zinataka dola. Nikabadilisha nikaweka herufi za kawaida zile za barua ya mjumbe. Orodha ikawa tupu. Nikarenda tena.

Logo ipo.

Kumbe hata kazi isiyo na kitaji hata kimoja, akaunti ya bure lazima itoke na logo. Sasa ile orodha walinipa ya nini? Uwindaji wote ule nilikuwa namwindia nani? Ni konda anakuita kwa mapenzi kabisa twende dada mia sita mia sita, unakaa, unafika, halafu mlangoni anakwambia hiyo mia sita ni ya kupanda, kushuka ni elfu tano. Mimi nikiwa na laptopu nzima na hasira nzima nikaenda kwa watu wao wa huduma kwa wateja.

Kwanza unapokelewa na roboti. Roboti alikuwa na adabu, huyo sina ugomvi naye. Baadaye akaja mtu, au alijiita mtu, nikamweleza kwa Kiingereza changu chote nilichonacho kwamba mmeandika bure, nimefanya kazi, natoa video yangu ya familia yangu, toeni hiyo logo usoni kwa mzee. Akanijibu kwamba logo inaonyesha video imetengenezwa kwa zana ya kitaalamu. Hapo nilinyanyuka nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikamuuliza ni wapi kabla sijaanza mliniambia nitalipa, akaniambia iko kwenye masharti niliyoyakubali, nikasome. Ndio hivyo, nikasome. Hakuna pole, hakuna samahani, halafu hapohapo akaniletea punguzo la bei linaloisha usiku huohuo, lina saa inahesabu kurudi nyuma, sekunde zinakimbia. Nikamwandikia aya nzima, akafunga maongezi kabla sijaituma, kikaja kidirisha kinaniuliza nimefurahia huduma kiasi gani. Na kesho yake nilipofungua ile saa imeanza upya, usiku wa kuamkia wapi sasa huo? Kila siku inaisha leo.

Nikataka kuhama na kazi yangu niende nayo kwingine. Haitoki. Faili yao inafunguka kwao tu, vipande vyote nilivyokata na kupanga vimebaki ndani. Una klipu zako za simu, unaanza moja.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujaediti hata harusi ya paka, pakua programu, weka klipu ya sekunde kumi ya kitu chochote, hata ukuta, weka maandishi, halafu itoe mpaka iwe faili. Ifungue uitazame. Programu zote mlango wa kuingilia ni mzuri, angalia wa kutokea. Hilo kwenye zile video za "programu kumi bora za bure" hawakwambii, kwa sababu wengi wana kiungo chao hapo chini wanakula asilimia.

Nikaanza kutafuta upya. Watu wakaniambia DaVinci Resolve, ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, ndio wanayotumia watu wa sinema kurekebisha rangi. Ni kweli toleo la bure ni bure, na nawapa heshima yao, ukigusa kitu cha toleo la kulipia inakwambia hapohapo unapokigusa, na toleo lenyewe la kulipia ni dola 295 mara moja, basi, hakuna cha kila mwezi. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyofanya biashara. Ila faili ya kupakua ni gigabaiti kadhaa, unajaza fomu kwanza, na laptopu kama yangu ya mtumba ikiona jina tu inazimia. Mwenye mashine ya kisasa yenye kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachobeba kazi nzito ya video, aende huko asihangaike na maneno yangu.

Kdenlive wenye ujuzi wanaisifia sana, inatengenezwa na watu wa KDE, jumuiya ya watengeneza programu za bure, sikukaa nayo kiasi cha kuisema.

Nimetulia kwenye Shotcut. Sura yake, jamani, sura yake ni ya ofisi ya ardhi. Kijivu, vitufe vingi, hakuna dada wa hedifoni. Siku ya kwanza sikujua hata klipu naiwekaje, kumbe unaifungua kwanza halafu ndio unaivuta kwenye taimulaini, ule mstari wa chini wa kupangia klipu. Lakini nilipoweka klipu ya binamu ikanisimamisha ikaniambia faili hii idadi ya fremu zake (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde inabadilikabadilika, si salama kuediti, nikubadilishie? Nikajua sasa kwa nini kule kwingine mdomo wa MC ulikuwa unatangulia sauti yake, nilifikiri ni laptopu. Simu nyingi zinarekodi hivyo, hasa ukumbini kwenye giza na taa za rangi, zinapunguza na kuongeza fremu zenyewe, na ukiediti klipu ndefu sauti inazidi kupishana na picha kadiri inavyoenda. Ile ya dola ilijua hilo? Haikusema neno. Shotcut ya watu wanaogawa bure mpaka msimbo wake ndio iliniambia. Tatizo faili zikishabadilishwa zinavimba, andaa nafasi kwenye diski.

Mengine haraka haraka. Ikikwama kwama kuna sehemu ya proksi kwenye mipangilio, inakutengenezea nakala nyepesi za kuchezea halafu wakati wa kutoa inatumia zile halisi, hiyo ndio iliyoniokoa na huu mkokoteni wangu. Ukitaka picha moja ififie iingie nyingine unaisogeza tu ipande juu ya mwenzake, inajifanya yenyewe. Na ukishaanza usihamishe folda la klipu, maana faili ya kazi inakumbuka tu zilipo, haizibebi, ukizihamisha inaanza kukuuliza ziko wapi. Fonti unatumia yoyote iliyomo kwenye kompyuta yako. Yoyote! Nimemwandikia mdogo wangu jina lake kwa herufi za mikunjo zaidi kuliko zile za mwanzo, makusudi.

Nikatoa. Safi, hakuna logo, uso wa mama mkubwa wote, jicho na jicho. Nikaiweka kwenye grupu nikasubiri pongezi.

Mnajua walisema nini? Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Ile yenye vumbi la dhahabu. Mdogo wangu mwenyewe, mwenye sendofu yake, anauliza mioyo imeenda wapi. Ile ya kwanza nilishamtumia binamu peke yake kumwonyesha ubaya wa hao watu, na yeye akaisambaza, na sasa ndio iko kwenye simu za watu mpaka Moshi. Mama mkubwa akanipigia kabisa, mwanangu hongera, video ni nzuri, hao walioandikwa hapo usoni kwangu ndio wadhamini? Nikamwambia ndio mama. Ningesema nini.

Kwa hiyo kwenye nyota sijui niwape ngapi. Shotcut nilitaka niipe tano, ila na mimi nikikaa nikaangalia zile video mbili naona kabisa ile nyingine ina raha yake, na Shotcut mioyo inayopaa haina, labda uitafute mwenyewe mtandaoni uje uipachike na mimi huo muda sina, basi tuseme nne. Na hao wengine, kusema ukweli wangesema bei yao mlangoni, mwezi mmoja shilingi fulani, ningelipa, si hela ya kufa mtu, nilishatumia nyingi zaidi kwenye bando na umeme wa kurenda mara zote hizo. Mdogo wangu amesema atachangia nusu nitoe ile ya mioyo bila logo. Juzi nimefungua ukurasa wa malipo, nikatoa na kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, nikafika mpaka sehemu ya kuweka namba, nikaona chini kwa maandishi madogo kwamba mwezi ukiisha watakata wenyewe tena mpaka nitakapositisha, na pa kusitishia hapajaandikwa. Basi hata ile nyota moja niliyotaka kuwapa kwa ajili ya mioyo naichukua. Mdogo wangu kanuna, atanunua mwenyewe kama anayo.