Kalamu ya mpingo, gundi ya kazi gani?

Nitoe kwanza sifa zake kabla hasira hazijanipanda: kile kipande cha mpingo ni kizuri. Ni cheusi ti, kimekerezwa kikanenepa pale vidole vinaposhika, kisha kikachongoka taratibu kuelekea ncha. Ubavuni fundi ameacha mstari mwembamba wa ule mti wa nje wenye umanjano, ambao wengine huutupa. Nilipokishika mara ya kwanza pale kibandani kwake, Mtwara mjini, nilisahau hata kupunguza bei. Elfu kumi na tano nikatoa.

Na si kwamba nilinunua pambo. Msimu wa korosho mimi nashinda ghalani kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika, nawaandikia wakulima risiti. Kitabu kina kaboni, kwa hiyo lazima ukandamize ili nakala ya chini isomeke, na zile kalamu nyembamba za dukani, ikifika alasiri vidole vimekufa ganzi. Hii ya mti nene ilinitibu kabisa. Ndani ni Bic ile ile ya kawaida, ncha tu ndiyo inachungulia. Wiki za mwanzo niliisifia kwa kila aliyekuja kupima mzigo, na nadhani nimempelekea yule fundi wateja kadhaa. Nawaomba radhi.

Sasa, Bic ya dukani ukiiangalia unaona wino umebaki kiasi gani. Ukiivika gogo huoni kitu. Siku hiyo foleni imefika nje, magunia yamejaa mpaka mlangoni, katikati ya jina la mama mmoja kalamu ikakata. Nikachorachora nayo pembeni, wapi. Hakuna shida, nikasema, nachomoa mrija naweka mpya. Kila aliyesoma shule ya msingi anajua inavyofanyika: unang'ata kile kichwa, unavuta, mrija unakuja. Nikang'ata. Haukuja. Nikaazima plaizi kwa dereva wa fuso. Kichwa kikanyofoka peke yake, mrija ukabaki ndani, na masalia ya wino yakaniishia kwenye vidole na kwenye risiti ya mama wa watu.

"Mwanangu karani," akaniambia, "kalamu nzuri hivyo na haiandiki?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana mmoja akanipa peni yake ya shilingi mia tatu, iliyotafunwa mkiani, nikamalizia nayo siku.

Nilipochungulia ndani ndipo nikaona. Gundi! Ile ya kuunganishia soli za viatu, inayokauka ukipepesa macho. Alichukua Bic nzima na ganda lake la plastiki, akaitumbukiza kwenye tundu la mti, akaimwagia gundi mpaka mdomoni. Maana yake umenunua kalamu ya kutumia mara moja, wino ukiisha mpingo wako ukapikie chai.

Nikarudi kwake. Alikuwa anakereza mguu wa kitanda, mashine hakuizima, tukawa tunapigiana kelele.

"Bosi, wino ukiisha si unanunua nyingine?"

"Nyingine ipi? Ya dukani au ya mpingo?"

"Yoyote tu."

"Na gundi umetia ya nini, fundi?"

"Bila gundi inacheza. Bic ina pembe sita, tundu langu duara. Ulitaka nifanyeje?"

Kidogo nimwelewe. Mpingo ni mgumu kweli, unamaliza makali ya vyuma. Kuutoboa tundu refu jembamba ni kazi ya subira: keekee inapata moto, lazima uitoe kila mara kukung'uta unga, ukilazimisha mti unapasuka na kazi yote imekufa. Lakini angetoboa tundu la kiasi cha mrija tu, akapanua mdomo kidogo kichwa kikae kwa kubana, ganda la plastiki lisingehitajika wala gundi yake. Nikasema basi, labda hajui.

Anajua! Siku ile ile ya kununua kalamu nilinunua kwake na kishikio cha penseli, mti huo huo. Mdomo wake ameupasua kwa msumeno mwembamba pande mbili na kuuvika pete ya shaba. Unaingiza penseli, unasukuma pete mbele, mdomo unabana. Penseli ikichongwa ikawa fupi mno kushikika, unairudisha humo na inaandika mpaka inakwisha. Hakuna tone la gundi. Ni kazi safi kabisa, binti yangu anakwenda nacho shule na walimu wake wanamwuliza kimetoka wapi. Mtu anayeweza kufanya hivi kwenye penseli anashindwaje kwenye kalamu? Hakushindwa. Alikuwa na haraka ya kurudi kwenye miguu yake ya vitanda.

Nilikaa chini nikiwa nimeshaamua kuwaambia msiende. Halafu nikaangalia kile kishikio, nikaona nitakuwa mwongo. Kwa penseli nendeni, macho yamefumba. Kwa kalamu, mkiweza kusimama pale mpaka amalize na kichupa cha gundi mmekishika nyie, labda.

Hapana, hata hivyo msiende. Maana sijawaambia alivyomalizia. Nilimwomba atoboe atoe plastiki yake, anirudishie mti ukiwa wazi, mrija nitatafuta mwenyewe. Akaigeuza kalamu mkononi, akaipuliza, akasema, "Hiyo elfu tano, bosi. Gundi ile ngumu kutoka."