Filamu bubu za Italia: uzoefu wangu na nakala za mtandaoni

Filamu zenyewe nazipa alama zote. Nakala nyingi za bure ndizo zinazoziharibu, na kila aina ya filamu huharibika kwa namna yake, kwa hiyo chagua nakala kabla hujamaliza bando.

Wengi huanza na Cabiria (1914) ya Giovanni Pastrone. Tafuta toleo la saa tatu hivi lililokarabatiwa na makumbusho ya sinema ya Torino mwaka 2006. Yale ya saa mbili yamekatwa, na hadithi yenye mlipuko wa volkano ya Etna, hekalu la Moloki na vita vya Kartago ikikatwa, hujui tena nani anamkimbia nani. Kinachoniuma ni Maciste, mtumwa mweusi mwenye nguvu za ajabu: aliyemwigiza ni Bartolomeo Pagano, mpagazi wa bandari ya Genova, akiwa amepakwa rangi nyeusi. Mwaka 1915 alipopewa filamu yake mwenyewe, Maciste akawa mweupe. Italia ilikuwa imetoka kuivamia Libya, na ukitazama ukiwa Mwafrika huwezi kulipita hilo.

Vichekesho vya Cretinetti na Polidor, wachekeshaji wa enzi hizo, ni vifupi, ni mbio na vyombo kuvunjika, hata nakala mbovu haivimalizi.

Filamu za akina diva, yaani nyota wakubwa wa kike, ndizo zinazoumia zaidi. Lyda Borelli katika Ma l'amor mio non muore! (1913) anaigiza kwa shingo, mabega na vidole, polepole mno. Mita 300 za filamu zikipita kwa fremu (picha) 16 kwa sekunde, kama ilivyokuwa enzi za filamu bubu, huchukua kama dakika 16. Kwa fremu 24, mwendo wa filamu za sauti, hazifiki hata 11. Huzuni yote inageuka kuwa kutapatapa. Ukiona watu wanatembea kama wanafukuzwa, weka mwendo wa 0.75 kwenye kichezeshi. Fremu 24 zinashuka hadi 18. Zima na sauti, maana muziki nao utaburuta.

Halafu rangi. Matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana kweupe, kisha filamu ikatiwa buluu. Nakala ikiondolewa rangi hiyo, mwizi anaingia nyumbani jua likiwaka, nawe unadhani mwongozaji hakujua kazi. Kwa Rapsodia satanica (1917) usikubali nakala isiyo na rangi wala isiyo na muziki wa Pietro Mascagni, kwa sababu aliutunga kwa ajili ya filamu hiyo hiyo.

L'Inferno (1911) ya Milano Films inavumilia zaidi, kwa kuwa kila tukio limepangwa kama mchoro wa Gustave Doré, mchoraji Mfaransa. Yule aliyebeba kichwa chake mkononi bado anatisha.

Ningeambiwa nichague moja tu, ningechukua Assunta Spina (1915). Hapa hakuna nguzo za Roma wala mavazi ya kifalme. Ni mitaa ya Napoli yenyewe, na Francesca Bertini akiwa dobi wa kike aliyechanwa shavu na mchumba wake, kisha anasimama mahakamani kumtetea. Tazama anavyojifunika shali: jinsi anavyoivuta au kuiachia ndivyo unavyojua hali yake. Vibao vya maandishi vikiwa vya Kiitaliano, soma muhtasari wa kisa kwanza, hasa hiyo sehemu ya karani wa mahakama, maana bila kujua anachomwahidi Assunta, nusu ya pili haieleweki.